Nyumba ya Wawili, Kabla Mshahara Haujakatika

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anastaafu kwa lazima akifikisha miaka 60, na akipenda anaweza kuomba kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55. Tarehe hiyo haina siri, imo kwenye faili lake tangu siku alipoajiriwa. Hata hivyo ziko familia nyingi zinazoifikia zikiwa bado kwenye nyumba ya kupanga, boma la vyumba vitano limeota nyasi huko Chanika au Kisarawe, na matumaini yote yako kwenye kiinua mgongo: "Kikitoka tu, tunapaua." Ninawaandikia wanandoa ambao bado wana miaka minane, kumi au kumi na miwili ya mshahara mbele yao. Hao ndio wenye muda wa kulifanya jambo hili bila kukimbizwa.

Tuanze na hiyo pesa inayosubiriwa. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF kwa watumishi wa umma, na sekta binafsi ikabaki NSSF. Kanuni za mwaka huo ziliweka mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, kuwa asilimia 25. Watumishi walilalamika sana, na Desemba 2018 Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaanza asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakichukua nusu, na 35 kwa waliokuwa wakichukua robo. Kinachosalia hulipwa kidogokidogo kama pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo ndani ya miaka sita kikokotoo cha mafao kimejadiliwa, kikasimamishwa, kikarudi kwa sura nyingine na kikapandishwa. Anayepanga kupaua kwa mkupuo anapanga juu ya kiwango ambacho hakiko mikononi mwake. Na hata pesa ikiingia yote, inaikuta familia ina mtoto wa mwisho chuoni, mdogo wa baba anayeumwa, na watu waliokuwa wakisubiri siku hiyo kuliko hata mstaafu mwenyewe.

Rai yangu ni kwamba nyumba ijengwe na mshahara. Mkupuo uwakute mmeshahamia, ukalipie yale yatakayoendelea kuleta chakula mezani: ng'ombe wawili wa maziwa, kisima, fremu ya duka, shamba la mikorosho. Nyumba ya kuishi haileti kipato. Ukiimalizia pesa ya uzeeni utakuwa na marumaru sebuleni na huna nauli ya kwenda kliniki.

Sasa hesabu ya miaka. Tuchukue mume mwalimu mwenye miaka 50 na mkewe muuguzi mwenye 47. Wengi wangesema familia hii ina miaka 13 ya kujenga, kwa kuwa mama ndiye atakayemaliza wa mwisho. Mimi nasema ina minane. Mwalimu ana miaka kumi, lakini miaka miwili ya mwisho inapaswa kuwa ya kuishi ndani ya nyumba na kurekebisha kasoro zake huku mishahara yote miwili bado inaingia. Mkopo wowote uishe kabla ya hapo. Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato, lakini huo ni ukingo wa mwisho kabisa, na wanandoa wanahitaji kanuni yao iliyo kali zaidi: mshahara mmoja tu ndio unaokopewa kwa wakati mmoja. Ule mwingine unabaki mzima kwa chakula, ada na magonjwa. Nyumba ambayo baba na mama wote wamekopa hadi ukingoni haina pa kushika siku mtoto akilazwa.

Na mkopo ukichukuliwa, uchukuliwe kwa ajili ya kupaua. Sababu ni ya kiutendaji. Tofali unaweza kununua 200 kila mwezi ukazipanga pembeni ya kiwanja, na zikimwagiliwa vizuri siku za mwanzo hazipungui ubora. Msingi unaweza kuchimbwa mwaka huu, ukajengwa mwakani. Kuta zinapanda kozi kwa kozi. Paa halina subira ya namna hiyo. Mbao za kenchi zikikaa juani nje miezi sita zinapinda, na boma lililopauliwa nusu linanyeshewa sawasawa na lisilopauliwa kabisa. Paa linataka pesa nyingi kwa mpigo, na hapo ndipo mkopo unapofanya kazi yake. Anayekopa kuanza msingi anajikuta analipa riba miaka mitano kwa kitu kilichofukiwa ardhini, na wakati wa bati ukifika hakopesheki tena. Saruji nayo isirundikwe: mfuko uliokaa stoo zaidi ya miezi mitatu, hasa ukanda wa pwani wenye unyevu, unaanza kupoteza nguvu hata kama haujagandamana.

Kabla ya hayo yote, kuna mazungumzo ambayo wanandoa wengi huyakwepa mpaka msingi umeshachimbwa. Tuseme mwalimu wetu kwao ni Same, muuguzi kwao ni Tukuyu, na kazi imewalea Morogoro kwa miaka 20. Jioni moja baba anasema, "Mama Rehema, mimi nataka tukajenge nyumbani." Mama Rehema anamjibu taratibu, "Baba Rehema, na Mungu akikuita mapema, mimi nitabaki Same na nani?"

Swali hilo ndilo ninalotaka liongoze kila uamuzi wa ujenzi huu. Katika ndoa nyingi mke ni mdogo kwa umri, na kwa jumla wanawake huishi miaka mingi kuliko wanaume. Nyumba mnayoijenga pamoja ina uwezekano mkubwa wa kuwa nyumba ya mjane kwa miaka kumi au zaidi. Inaweza pia kuwa ya mgane, na mwanamume aliyebaki peke yake hupata shida yake kubwa. Kwa vyovyote vile, mmoja atabaki. Basi jengeni nyumba ambayo atakayebaki ataimudu peke yake: kwa ukubwa, kwa gharama, kwa mahali ilipo, na kwa karatasi.

Mahali kwanza. Ukiuliza hivyo, kiwanja kilicho kilomita nne kutoka barabarani, ambako bodaboda hawafiki usiku, kinapoteza mvuto hata kama ni eka nzima kwa bei ya bure. Angalieni zahanati iko wapi, hospitali yenye daktari iko wapi, maji yanatoka wapi, msikiti au kanisa mnaloabudu liko umbali gani kwa miguu. Angalieni pia mna nani pale. Majirani mliokaa nao miaka 20, waliozika na ninyi na kuoza na ninyi, ni akiba kubwa, na wanandoa wengi wa makabila mawili wamegundua kwamba kwao kwa tatu, yaani mji uliowalea kikazi, ndiko wote wawili wanakoweza kubaki salama. Kwao baba na kwao mama mtaenda kusalimia.

Karatasi nazo. Barua ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha tu kwamba mliuziana. Umiliki unathibitishwa na hati, na hati inatoka kwenye kiwanja kilichopimwa. Nendeni ofisi ya ardhi mkaulize kumbukumbu za kiwanja hicho kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kisha andikeni majina mawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini haki hizo zinadaiwa mahakamani, na mjane mwenye miaka 70 anayepanda ngazi za mahakama akibishana na mashemeji anachoka kabla ya hukumu. Jina la pili kwenye hati linaandikwa siku moja mkiwa wote wazima na mnapendana. Mwanamume anayempenda mkewe kweli asisubiri kuombwa.

Kiwanja chenyewe nendeni mkakitazame wakati wa mvua. Pwani na Dar es Salaam ni Aprili, masika yakiwa yamekolea. Dalali hupenda kuwapeleka watu Septemba, ardhi ikiwa kavu na upepo mwanana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe, na waliojenga bonde la Msimbazi wameshaona mafuriko na bomoabomoa. Tazameni pia udongo. Ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia kwenye ufa, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyokaa juu yake hupasuka kwenye kona za madirisha kila mwaka. Hapo chimbeni mpaka mfikie udongo mgumu, tena kwa ushauri wa mhandisi, au tafuteni kiwanja kingine.

Kuhusu ukubwa, wengi wetu tunachora nyumba tukiwa na watoto wanne wanaokimbia ndani, na tunachora vyumba vya hao wanne. Nyumba inakamilika wao wakiwa Mwanza, Arusha na Muscat wanajitafutia. Kwa wastaafu wawili vyumba vitatu vya kulala vinatosha: cha wenye nyumba chenye choo chake, cha wageni na wajukuu, na cha kijana au binti anayesaidia kazi. Eneo la mita za mraba 90 hadi 100 linabeba yote hayo pamoja na sebule, jiko na stoo. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali 10 za kawaida, zile za inchi 18 kwa 9. Chumba kimoja cha ziada chenye upande wa mita tatu na nusu, kuta tatu zikiwa mpya, ni karibu tofali 300, na bado hujapiga plasta ndani na nje, hujaweka dirisha, hujaongeza mbao na bati. Na kikishakwisha, kinahitaji kufagiliwa na kupakwa rangi maisha yote. Pesa ya vyumba viwili visivyolaliwa na mtu ndiyo pesa ya kumaliza nyumba miaka mitatu mapema.

Wekeni umri wenu ujao ndani ya ramani tangu siku ya kwanza. Nyumba iwe ya chini, bila ghorofa. Milango yote, hata ya choo na bafu, iwe na upana wa sentimita 90, maana baiskeli ya wagonjwa haipiti kwenye mlango wa 70 uliozoeleka vyooni. Sakafu ya bafu isiwe na kizingiti, na marumaru zake ziwe zile zenye mkwaruzo. Zinazong'aa zinapendeza dukani, zikilowa zinavunja nyonga. Choo kiwe cha kukaa, na ukuta ulio pembeni yake, kwa kimo cha mkono wa mtu aliyeketi, ujazwe zege ili baadaye pafungwe chuma cha kushikia kisichong'oka. Mlango wa mbele uwe na mteremko badala ya ngazi, au pembeni ya ngazi: kwa kila sentimita 15 za kupanda, mteremko unahitaji urefu wa mita 1.8. Mambo haya yakifanywa wakati wa kujenga gharama yake ni ndogo. Yakifanywa baada ya mtu kuanguka, mnabomoa ukuta huku mgonjwa yuko ndani.

Jua nalo lizingatiwe. Nchini kwetu jua huchoma kuta za mashariki na magharibi, kwa hiyo nyumba ndefu ielekeze kuta zake ndefu na madirisha makubwa kaskazini na kusini, na chumba cha kulala kisiwe upande wa machweo. Pwani, dirisha la kusini linapokea kusi na la kaskazini linapokea kaskazi, na nyumba yenye madirisha yanayotazamana haina haja ya feni usiku mwingi wa mwaka. Mzee anayeishi kwa pensheni ataishukuru nyumba ya namna hiyo kila akinunua umeme.

Twendeni saiti sasa, siku ya zege. Hii ndiyo siku ambayo baba na mama wote wawili wanapaswa kuomba ruhusa kazini, hata kama siku nyingine zote wanamwachia msimamizi. Zege la kawaida la nyumba ni moja kwa mbili kwa nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Tatizo ni kipimo. Mafundi wengi hupima kwa sepeto, na sepeto la asubuhi si la saa nane mchana mtu akiwa amechoka. Leteni ndoo za lita 20. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, kwa hiyo kila mfuko unachukua ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji ni lita 25 hadi 30 kwa mfuko, yaani ndoo moja na robo hadi moja na nusu. Hapo kwenye maji ndipo mtakapovutana na mafundi, kwa sababu zege jepesi ni rahisi kubeba na kumimina, na kijana wa koleo atataka kuongeza. Msimruhusu. Maji yanayozidi hukauka yakaacha matundu, na lenta iliyomwagwa ikiwa uji haibebi inavyotakiwa. Baada ya kumwaga, zege lifunikwe na limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba bila kukosa. Nguvu yake hupimwa ikifika siku ya 28, na ile wiki ya kwanza ndiyo inayoamua itafika wapi.

Tofali lina majaribio yake ambayo hayahitaji maabara. Likwaruzeni kwa msumari. Likitoka unga mwingi, liacheni. Lidondosheni kutoka usawa wa kiuno kwenye udongo, zuri halivunjiki. Na muulizeni mfyatuaji mfuko mmoja unamtolea tofali ngapi. Anayefyatua 25 hadi 30 za inchi sita anawapa tofali la kuaminika. Anayefikisha 45 anawauzia mchanga. Nondo nazo zinapimika: ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita, kwa hiyo ikiwa na urefu kamili wa mita 12 inatakiwa ifike kilo kumi na nusu na zaidi kidogo. Chukueni moja mkaiweke kwenye mizani ya dukani kabla ya kulipia 30. Kwenye bati kumbukeni kwamba namba ya geji ikipungua ndipo bati linapokuwa nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Kwa nyumba ya kuzeekea ninawashauri 28, hasa karibu na bahari ambako chumvi haina huruma na bati jembamba. Mchanga wa baharini usiingie kwenye zege kabisa, kwa sababu chumvi yake inakula nondo kutoka ndani.

Malipo ya fundi yafuate hatua za kazi, kwa maandishi, na sehemu fulani ibaki mkononi mwenu. Fundi wa paa msimmalizie mpaka mvua kubwa ya kwanza ipige. Mmoja wenu ashike daftari la pesa, mwingine ashike la vifaa, na Jumapili jioni yalinganishwe. Wanandoa wanaofanya hivi hugombana kidogo sana kuhusu ujenzi, kwa sababu kila mtu anaona mfuko wa 40 wa saruji ulikwenda wapi.

Kuna wengine ambao kujenga upya si jambo lao. Wana nyumba tayari: ile waliyoijenga kwa haraka miaka ya tisini, au ya wazazi kule mkoani. Hawa kazi yao ni ukarabati, na kosa linalorudiwa kila mahali ni kuanza na kinachoonekana. Wanaanza na rangi, gipsam na marumaru, halafu masika yanashuka na gipsam inadondoka sebuleni. Mpangilio salama unatoka juu kwenda chini na kutoka kwenye maji kwenda kwenye urembo: paa, kisha mifereji na njia ya maji kuzunguka nyumba, kisha umeme, kisha vyoo na mabomba, na mwisho kabisa sakafu na rangi.

Ufa ukutani usizibwe kabla ya kujulikana. Chukueni penseli, wekeni alama mahali ufa unapoishia na mwandike tarehe pembeni yake, kisha subirini masika yapite. Ukiwa palepale, ni ufa wa plasta, uzibeni. Ukiwa umevuka alama, msingi unacheza, na pesa yoyote mtakayoweka juu yake kabla ya kuushughulikia itapotea. Unyevu unaopanda kutoka chini ya ukuta na kubambua rangi hadi usawa wa goti nao hauponi kwa plasta mpya. Punguzeni udongo uliorundikana nje mpaka uwe chini ya usawa wa sakafu, wekeni mifereji kwenye paa, yapelekeni maji mbali na ukuta, kisha mkaushe msimu mzima kabla ya kupaka.

Nyaya za umeme za zamani, zisizo na waya wa ardhini, zing'olewe zote, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kama paa ni la yale mabati ya saruji yenye asbesto yaliyoezekwa kwenye nyumba nyingi za idara miongo iliyopita, msiyakate wala kuyavunja yakiwa makavu, na msiyageuze banda la kuku. Vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Waiteni wanaojua kuyaondoa yakiwa yamelowanishwa. Na nyumba ya tofali mbichi au ya mawe na chokaa isivikwe plasta ya saruji. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, una kuta nyingi za mawe ya matumbawe zilizoharibiwa kwa namna hiyo: saruji ilifungia unyevu ndani, chokaa ikalegea, ukuta ukaanza kumeguka nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa, na wa udongo kwa udongo.

Nyumba ya wazazi ina jambo moja zaidi. Kabla hamjaezeka upya nyumba ya marehemu baba kwa mkopo wa miaka mitano, hakikisheni mirathi imefungwa na inajulikana nyumba ni ya nani. Kama ni ya watoto wote, kaeni kikao, andikeni mnachochangia na mtakachodai, ndugu watie saini. Bila hivyo, atakayebaki kati yenu anaweza kuambiwa baada ya arobaini kwamba bati ni lake lakini kuta ni za ukoo.

Kuhamia msisubiri nyumba iwe kamili. Ikiwa na paa, milango yenye kufuli, grili, choo kimoja kinachofanya kazi, jiko, maji na umeme, hamieni. Sakafu ya saruji iliyolainishwa vizuri inaishika familia miaka mitatu bila aibu yoyote, na kodi mliyokuwa mnampa mwenye nyumba kila mwezi ndiyo itakayonunua marumaru chumba kimoja baada ya kingine. Sijaona sababu ya kuweka ukuta wa mawe na geti la rimoti kabla ya tangi la maji. Bati la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu linatoa lita 1,000, kwa hiyo mifereji na tangi la lita 5,000 vinaweza kuwaondolea bili ya maji miezi yote ya mvua. Lijengewe jukwaa imara, na koki yake iwe mahali ambapo mtu mwenye miaka 75 anaifikia bila kuinama sana.

Mkishaingia, ile miaka miwili ya mwisho ya mshahara itumieni kujua gharama halisi za nyumba: umeme, ambao tangu 2021 unanunuliwa pamoja na kodi ya jengo kwenye LUKU, kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka, kuvuta maji taka, mlinzi au mbwa. Jaribuni miezi mitatu kuishi kwa kiasi kile tu pensheni itakachokuwa, na tofauti yote muiweke akiba. Kinachoshindikana kwenye majaribio hayo kirekebishwe wakati huo, mshahara ukiwa bado upo.

Tengenezeni pia faili moja la nyumba. Ndani yake ziwe hati ya kiwanja, kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, ramani, mikataba ya mafundi, risiti kubwa za vifaa, na picha za kila ukuta zilizopigwa kabla ya plasta, zinazoonyesha mabomba na nyaya zinapita wapi. Picha hizo zitamwokolea fundi bomba wa mwaka 2045 kazi ya kubomoa ukuta mzima kutafuta kiungio kinachovuja. Andikeni kwa mkono kwenye ukurasa wa kwanza shimo la maji taka liko hatua ngapi kutoka kona ya jiko, koki kuu ya maji iko wapi, na fundi yupi alifunga nini. Nakala moja apewe mtoto mnayemwamini, na baba na mama wote wawili wajue faili lenyewe linakaa kabati gani.